Kutoka Homa ya Manjano hadi Jeni za VVU: Maabara za Entebbe na Kampala

Maabara ya virusi ya Entebbe, Uganda, ni kongwe kuliko UKIMWI. Wakfu wa Rockefeller wa Marekani uliianzisha mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, na mwaka 1947 wataalamu wake waligundua virusi vya Zika katika damu ya kima aliyewekwa kwenye msitu wa jina hilo. Mwaka 1950 ikawa taasisi ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki mikononi mwa Uganda, wakati ambao nchi yenyewe ilikuwa taabani.

Kwa hiyo UKIMWI, ambao watu wa Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, waliuita silimu, uliikuta maabara yenye jina kubwa na vifaa haba. Makala ya mwaka 1985 katika jarida la The Lancet, iliyoitambulisha silimu kwa ulimwengu, ilitegemea vipimo vya damu vilivyofanyiwa Uingereza. Mwaka 1988 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianza kazi Entebbe pamoja na taasisi hiyo. Miaka michache baadaye, jijini Kampala, wizara za Afya na Ulinzi na Chuo Kikuu cha Makerere ziliunda kituo cha pamoja cha utafiti wa tiba, JCRC.

Haja ya kusoma jeni za virusi ililetwa na dawa za VVU zenyewe. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Kampala ulionyesha kuwa dozi moja ya nevirapine kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto, hupunguza karibu kwa nusu maambukizi ya mtoto. Habari njema hiyo ilikuwa na mkia: baada ya wiki chache, takriban mama mmoja kati ya watano waliochunguzwa alikuwa na virusi sugu kwa dawa hiyo. Wanawake walikuwa Kampala. Jeni za virusi vyao zilisomwa Marekani.

Mbali na gharama, kupeleka sampuli nje kulikuwa na kasoro nyingine, pengine kubwa zaidi. Vipimo vingi vya mwanzo vilitengenezwa kwa kufuata aina B ya VVU, inayotawala Ulaya na Marekani, ilhali Uganda hutawaliwa na aina A na D. Kipimo kisichoshika vizuri virusi vya mgonjwa humdanganya daktari.

Kazi yenyewe huanza na plazma. RNA ya virusi hutolewa, hugeuzwa kuwa DNA, kisha sehemu ya jeni iitwayo pol hunakiliwa mara nyingi kabla mashine haijasoma herufi zake. Mtaalamu hutafuta mabadiliko yanayojulikana: K103N, kwa mfano, huvifanya virusi visisikie dawa za nevirapine wala efavirenz, na M184V huidhoofisha dawa ya lamivudine. Umeme ukikatika jokofu likapata joto, au vitendanishi vikikwama bandarini, mashine ya bei kubwa hukaa bure.

Si wote walioona maabara kuwa sharti la tiba. Utafiti wa DART, uliofuatilia wagonjwa 3,316 wa Uganda na Zimbabwe, ulitoa matokeo mwaka 2009: baada ya miaka mitano, walionusurika bila vipimo vya kawaida vya maabara walikuwa asilimia 87, na waliopimwa asilimia 90. Kungoja maabara kabla ya kugawa dawa kungeua wengi. Hata hivyo, dawa zilipoenea, usugu nao ulienea, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kupima wingi wa virusi kama njia kuu ya kugundua tiba iliyoshindwa. Uganda ilijenga mfumo wa waendesha pikipiki wanaokusanya sampuli vituoni, nyingi zikiwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, kuzipeleka kwenye maabara kuu ya taifa. Usomaji wa jeni ulibaki kwa maabara chache, zikiwemo za Entebbe na JCRC.

Kisha dolutegravir ikachukua nafasi ya nevirapine na efavirenz. Dawa hii hushambulia kimeng'enya cha virusi kiitwacho integrase, ambacho vipimo vya zamani vya usugu havikukigusa. Maabara zikalazimika kuongeza sehemu ya jeni inayounda kimeng'enya hicho katika usomaji wao.