Nani Anayejua Kutazama? Picha za Sinema na Watazamaji wa Masasi na Newala tangu 1906

Mwezi Oktoba 2013, filamu ya Gravity ya mwongozaji Alfonso Cuarón ilipoanza kuonyeshwa Marekani, mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson alitangaza hadharani mambo ambayo hakuridhika nayo. Aliuliza kwa nini nywele za mhusika mkuu, aliyeigizwa na Sandra Bullock, zimelala kichwani ilhali mahali pasipo na uzito zingepaswa kuelea. Aliuliza kwa nini vipande vya setilaiti vinapita kutoka mashariki kwenda magharibi, na imewezekanaje darubini ya Hubble na kituo cha kimataifa cha anga kuonekana kwa pamoja. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito: Hubble huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 540 hivi, na kituo kile katika kimo cha kilomita 400 hivi, tena njia zao zimeinama kwa nyuzi tofauti. Hakuna aliyesema kwamba Tyson ameshindwa kutofautisha picha na kitu chenyewe. Maswali yake yalipokelewa kama ushahidi wa elimu, na yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba filamu ile aliifurahia sana.

Katika maandishi ya kikoloni kuhusu sinema barani Afrika, mtazamaji aliyeuliza swali la namna hiyohiyo aliandikwa kuwa mjinga. Makala hii inaichunguza tofauti hiyo kwa kuanzia Masasi na Newala, eneo ambalo uhusiano wake na picha zinazotembea ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa. Hoja yetu ni kwamba jambo ambalo wakoloni waliliita kutojua kutazama lilikuwa, mara nyingi, kupima picha kwa maarifa ya mtazamaji. Wanahistoria wa sinema nchini wataendelea kurithi hukumu isiyo yao endapo hawatalitenganisha tendo lenyewe na jina lililopewa.

Tuanze na kisa ambacho kila msomaji wa taaluma hii amekutana nacho. Bwana afya anawaonyesha wanakijiji filamu kuhusu malaria. Mbu anajaza kitambaa chote cheupe, miguu yake mirefu kama nguzo za nyumba. Filamu inapokwisha wanakijiji wanamshukuru mgeni, kisha wanasema kwamba wao hawana shida hiyo, kwa kuwa mbu wao si wakubwa namna ile. Kisa hiki husimuliwa kwa sura nyingi, na mdudu hubadilika kuwa inzi au chawa kulingana na msimulizi na koloni lake. Timothy Burke alikifanya kuwa kichwa cha sura aliyoiandika kuhusu Zimbabwe katika kitabu cha Images and Empires cha mwaka 2002, na James Burns, katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu nadharia za Waingereza juu ya watazamaji wa Kiafrika, ameonyesha jinsi masimulizi ya aina hiyo yalivyofanywa msingi wa sera.

Kisa chenyewe kinasema nini? Mtu anaonyeshwa mdudu bila kitu chochote kando yake cha kumpimia, naye anasema kwamba kipimo hicho hakilingani na mbu anaowafahamu. Jawabu lake ni sahihi. Aliyekosea ni mpiga picha, ambaye hakuweka hata kidole cha mtu karibu na mbu wake. Isitoshe, tukizingatia mazoea ya utani na ya kumjibu mkubwa kwa heshima yenye mafumbo, haitakuwa vibaya kushuku kwamba baadhi ya waliotoa jawabu hilo walikuwa wakimcheka mgeni wao.

Kisa cha pili kinamhusu John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, nacho kilienea duniani baada ya Marshall McLuhan kukinukuu katika kitabu chake cha mwaka 1962. Filamu ya dakika tano hivi ilionyesha, taratibu mno, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ina kuku. Walipoikagua picha kwa picha, wakamkuta: alipita kwa nukta moja hivi kwenye pembe ya chini. McLuhan alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba watu wasiosoma hawawezi kuiona picha kwa ukamilifu wake. Sisi tunakisoma kinyume chake. Katika chumba kile, walioiona filamu yote hadi pembeni ni wale walioitwa wasiojua kutazama.

Hukumu kama hizo zilizaa kanuni. William Sellers, aliyepewa uongozi wa Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilipoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, ziepuke hila za kamera na mikato ya haraka, na kila tukio lifuate lililotangulia bila kurukwa. Uhalisia ukawa amri. Hata hivyo, uhalisia huo ulipimwa na mtengenezaji peke yake. Mtazamaji alipoupima kwa upande wake, kipimo chake kiliandikwa kama kasoro.

Huko Masasi na Newala habari ilianzia upande mwingine wa kamera. Katikati ya mwaka 1906, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alishuka Lindi na kupanda bara akiwa na wapagazi Wanyamwezi. Alikuwa amekusudia kwenda nyanda za Iraqw na Kondoa-Irangi, lakini ghasia za huko zikamlazimu kuelekea kusini, katika nchi ambayo moto wa Maji Maji ulikuwa bado haujapoa. Alikaa Masasi, kisha Chingulungulu kwa Matola, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Katika mizigo yake zilikuwamo mashine mbili ambazo ni muhimu kwetu: fonografu ya mitungi ya nta na kamera ya sinema. Kwa kamera hiyo alipiga picha za ngoma, ikiwemo ngoma ya wachezaji wa miti mirefu. Mwaka 1908 alichapisha Negerleben in Ostafrika, na Alice Werner akakifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka uliofuata.

Mashine hizo mbili hazikuwa na tabia moja, na tofauti yake haijapewa uzito unaostahili. Fonografu iliweza kurudisha sauti palepale: aliyeimba aliisikia sauti yake na kuikubali au kuikataa. Ukanda wa sinema ulihitaji kusafishwa Ulaya kwanza. Hivyo watu wa uwanda wa Makonde wakawa miongoni mwa wa mwanzo kabisa nchini kuigiza mbele ya kamera, huku hadhira ya kwanza ya picha zao ikiwa Ujerumani. Wajerumani hao hawakuwa na namna ya kujua iwapo ngoma waliyoiona ilichezwa ilivyo desturi au ilichezwa hivyo kwa ombi la mgeni mwenye mashine. Watazamaji wa Leipzig waliamini picha bila kipimo chochote, na hakuna nadharia iliyoandikwa juu ya udhaifu wao wa kutazama.

Weule pia aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na kalamu wachore, akaichapisha michoro yao. Alitaka kujua namna akili zao zinavyoona. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtaalamu aliyekusanya ushahidi mwingi hivyo wa watu wenye uzoefu wa kutengeneza taswira alikuwa akifanya kazi kati ya Wamakonde, watu wenye nakshi na vinyago vyao.

Vinyago hivyo vinatupeleka kwenye kiini cha hoja. Katika jando la Wamakonde, mchezaji wa midimu hutoka amefunikwa mwili mzima, kinyago kikiwa usoni au kichwani, naye hutambulishwa kwa wanawake na watoto kama kiumbe kisicho mtu. Kijana anayetahiriwa hufunuliwa siri kwamba ndani yumo mtu, tena pengine mtu wa kwao. Baada ya hapo huwajibika kuitunza siri hiyo kwa kuendelea kuogopa hadharani. Wanawake nao kwa kawaida wanafahamu zaidi ya wanavyoonyesha. Basi kila mtu mzima aliyeketi kutazama ngoma hiyo alikuwa anafanya mambo mawili kwa pamoja: kulikubali umbo lililo mbele yake na kulijua lilivyotengenezwa. Mtu aliyelelewa hivyo hakuhitaji kufundishwa na gari la sinema kwamba kinachoonekana si lazima kiwe ndicho. Wamisionari wa UMCA, waliofika Masasi mwaka 1876 chini ya Edward Steere, waliuelewa uzito wa shule hiyo. Ndiyo maana Askofu Vincent Lucas hakulipiga marufuku jando bali alilipa sura ya Kikristo, jambo ambalo Terence Ranger amelichambua kwa kina.

Majaribio ya filamu kwa Waafrika yalianza rasmi nchini mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie. Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, sauti yake ikiwa katika sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa. Filamu moja kuhusu benki ya akiba ya posta ilimwonyesha mfanyakazi aliyezika fedha zake ardhini na kuibiwa, na mwenzake aliyeziweka benki. Somo ni wazi, ila hadithi ilitegemea mtazamaji akubali kwamba karani wa serikali ni salama kuliko ardhi ya nyumbani kwake. Swali hilo ni la uzoefu wa kisiasa, si la ufahamu wa picha.

Baada ya vita sura ya sinema ilianza kubadilika. Kati ya 1951 na 1953, kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza kwa mkataba wa serikali filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Aliyeigiza humo ni Rashidi Kawawa, mzaliwa wa kusini, mtumishi wa ustawi wa jamii ambaye pia alihudumu na sinema ya kuzunguka, na ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Rosaleen Smyth ameieleza historia hiyo. Kwetu inatosha kusema kwamba aliyesimama kati ya mashine na umati sasa alizungumza lugha ya umati.

Nafasi hiyo ya msemaji wa kati haikupotea. Katika mabanda ya video ilishikwa na watafsiri, mashuhuri wao akiwa Lufufu wa Dar es Salaam. Matthias Krings ameonyesha, kwa mfano wa Titanic, kwamba Lufufu hakufasiri maneno tu: aliongeza maelezo, alihukumu wahusika, aliijaza hadithi ya watu wanaozama baharini kwa mambo ambayo wasikilizaji wake wangeyapima. Uhalisia wa filamu ya kunusurika ulijengwa upya kila ilipotafsiriwa.

Anga nayo si habari ya kigeni kabisa kwa Afrika Mashariki. Kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury kilijengwa Tunguu, Unguja, na kilikuwa sehemu ya mtandao uliomfuatilia John Glenn tarehe 20 Februari 1962. Wapinzani wake walikiona kama mlango wa silaha, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Nao waliambiwa kwamba hawaelewi wanachokiona. Lakini katika miaka ile ya vita baridi, kushuku mtambo wa dola kubwa hakukuhitaji ujinga wowote.

Kwa hiyo mtafiti anayetaka kupima mapokeo ya filamu kama The Martian ya Ridley Scott, ya mwaka 2015, katika wilaya hizi hana sababu ya kuanza kwa kuuliza kama watazamaji wameielewa. Katika filamu hiyo mtu mmoja aliyeachwa Mirihi anaotesha viazi kwa kinyesi cha binadamu na kutengeneza maji kutokana na fueli ya roketi. Mwandishi wa riwaya yake, Andy Weir, amekiri kwamba dhoruba inayoanzisha mkasa wote isingewezekana, kwa kuwa kanieneo ya hewa ya Mirihi ni kama asilimia 1 tu ya ile ya dunia. Newala iko juu ya uwanda wa mchanga unaomeza mvua. Kabla ya mpango wa kusukuma maji wa miaka ya 1950, na hata baada yake kila mitambo ilipoharibika, maji yalifuatwa mabondeni chini ya genge na kupandishwa kichwani. Mwanamke aliyeipanda njia hiyo anajua kaya inahitaji ndoo ngapi, na shamba haligawiwi hata moja. Aulizwe kama maji ya yule mtu wa Mirihi yangetosha viazi vyake, na jawabu lake liandikwe kama hesabu.