Kurudi kwenye ubao wa kuchorea

Wadau, hivi karibuni mhariri alinirudishia makala yangu akasema, "Dogo, hii haiendi. Back to the drawing board!" Nikafuta faili zima, nikaanza moja. Jioni nikampelekea makala mpya... yenye kosa lile lile! Ndipo nikagundua kwamba msemo huu nautumia kila siku na siuelewi.

Wengi wetu tunautafsiri "kuanza upya". Si vibaya, ila kuna kitu kinadondoka njiani. Ubao unaotajwa ni ule ambao msanifu anachorea ramani. Msemo ulipata umaarufu kupitia katuni ya Peter Arno kwenye jarida la The New Yorker, Machi 1, 1941. Ndege imeanguka, watu wanakimbilia mabaki, na jamaa mmoja wa suti, karatasi za michoro kwapani, anaondoka zake bila wasiwasi akisema ndiyo hivyo, ni kurudi kwenye ubao. Kichekesho kiko hapo: mwenye ramani ndiye anayeyapa mabaki mgongo.

Hebu sasa tuangalie ndege za kweli. Mei 2, 1952 ndege ya Comet ya shirika la Uingereza, BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza ya ratiba duniani kubeba abiria kwa ndege ya jeti, na njiani ilitua Entebbe, hapa hapa kwa jirani zetu Uganda.

Januari 10, 1954 ndege ile ile iliyofungua safari hizo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Comet zikasimamishwa, wahandisi wakafanya marekebisho chungu nzima, ingawa chanzo cha ajali kilikuwa hakijajulikana. Machi 23 zikaruka tena. Aprili 8 nyingine, ikiwa kwenye safari ya South African Airways, ikaanguka baharini karibu na Naples. Watu 21 wakafa. Wiki mbili tu, wadau! Walirekebisha kila walichokishuku, isipokuwa kile kilichoua.

Safari hii mabaki hayakupewa mgongo. Vipande ambavyo wanamaji wa Uingereza waliviopoa kule Elba vilipelekwa Farnborough, vikapangwa kimoja kimoja mpaka umbo la ndege likaonekana. Bodi ya Comet nyingine ikawekwa ndani ya tangi la maji, ikapandishwa na kushushwa presha tena na tena kuiga ndege inavyopaa na kutua. Ukijumlisha safari zake za kweli na zile za kuigiza, ilipofika kama 3,000 ikapasuka. Metali ilikuwa imechoka. Ufa ulianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi, kama ya madirisha.

Sasa wakawa na cha kuchora. Comet 4 ilitoka na bodi nene zaidi, na Oktoba 4, 1958 BOAC ikaanza kuvusha abiria Atlantiki kwa jeti. Mwaka 1960 East African Airways, shirika letu la pamoja lililokufa 1977, nalo likapata Comet 4 zake. Ila kuchelewa kulikuwa na bei: Boeing 707 ya Marekani ilianza kazi mwezi huo huo wa Oktoba 1958, na ndiyo iliyochukua soko.

Kwa hiyo msemo huu hauna maana ya kufuta kila kitu. Unarudi kwenye ramani ukiwa na mabaki mkononi. Ukirudi mikono mitupu, utachora ndege ile ile.

Kesho yake nilimfuata mhariri na makala ya kwanza, nikamuuliza, "Mzee, imepasukia wapi hasa?" Akaweka kidole kwenye aya ya tatu. Nilikuwa nimemtuhumu mtu bila kumpigia simu kusikia upande wake.

Nilimpigia siku hiyo hiyo. Aya zilizobaki sikuzigusa.