Uzigua na Usambara Katika Mitaa ya Berlin

Mtu wa Korogwe akitaja Usambara, hunyoosha mkono kuelekea kaskazini, kwenye milima. Mkaazi wa Wedding, mjini Berlin, akilitaja jina hilo hilo huenda akakusudia mtaa wenye nyumba za ghorofa. Jirani na mtaa huo ipo mitaa ya Tanga na Zanzibar. Wageni wa mji mkuu wa Ujerumani kwa kawaida hupelekwa kulitazama Lango la Brandenburg na mabaki ya Ukuta. Lakini wapo pia waongozaji, baadhi yao Waafrika, wanaowatembeza watu kwa miguu katika Berlin hii nyingine. Ziara hiyo, kwa maoni yangu, yatuhusu sisi wa pwani kuliko ile ya Lango.

Kituo chake kimoja ni barabara ya Wilhelmstraße. Hapo ndipo mataifa yalipokaa kuijadili Afrika, wakamaliza tarehe 26 Februari 1885. Siku ya pili yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, aliyekuwa amerudi na karatasi alizoziita mikataba kutoka Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Msomaji wa Handeni na ajiulize ni mzee gani wa Kizigua aliyeisoma karatasi ile kwa Kijerumani! Mwaka 1902 reli iliyotoka Tanga ikafika Korogwe. Mwaka 1939, enzi ya Wanazi, njia moja ya Wedding ikapewa jina la Peters, na jina halikuondoka kabisa hadi 2024, ambapo kipande kimoja cha njia hiyo kilipewa jina la Maji Maji.

Lakini Uzigua ulifika Berlin kwa karatasi nyingine pia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo, alisafiri Udoe hata Uzigua, akaiandika safari yake kwa Kiswahili. Ikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Wakati huo mwenyewe alikuwa Berlin, akiwasomesha Wajerumani Kiswahili. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji, na watalii ni wao, ingawa hawakutoka darasani. Mwaka 1904 akamuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakasafiri kuja kwao Mtoro. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikamkataza kushuka na mkewe. Mtu aliyewafungulia wageni mlango wa lugha yake akafungiwa bandari ya nchi yake. Wakarudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927.

Ziara hizi zina mahali pengine pa kuinamisha kichwa, kwani lazima mtu atazame chini. Katika barabara ya Brunnenstraße, tangu 2007, limepachikwa njiani jiwe dogo lenye bamba la shaba, pana kama kiganja. Ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, ambaye naye alisomesha Kiswahili Berlin. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.