Dalia ya Mbegu

Dalia ni mmea wa maua wa jamii ya alizeti (Asteraceae), wenye mizizi minene inayohifadhi chakula, ambao asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, na ambao mwaka 1791 Antonio José Cavanilles wa Madrid aliupa jina la mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Anders Dahl. Kwa kuwa dalia za bustani hubeba seti 8 za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo katika seli, miche ya mbegu hutofautiana na mmea mzazi kwa rangi na umbo, na ndiyo maana aina mpya nyingi za thamani huanzia kwenye mbegu, ilhali aina iliyokwisha kupendwa huendelezwa kwa kugawa mizizi au kwa vipandikizi.

Miche iliyooteshwa ndani kwa mbegu huhamishiwa bustanini baada ya hatari ya jalidi kupita, ikiwa imezoezwa hewa ya nje kwa siku 7 hadi 10, na hupandwa penye jua kamili, katika udongo usiotuamisha maji, kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 60 kulingana na kimo. Ncha ya shina hukatwa baada ya jozi 3 au 4 za majani ili mmea utoe matawi. Naitrojeni nyingi huzidisha majani na kupunguza maua. Konokono, ambao huweza kumaliza mche mchanga kwa usiku mmoja, huokotwa jioni.