Bill Russell, kocha aliyevaa jezi

Aprili 18, 1966, waandishi wa habari wa Boston waliitwa kuoneshwa kocha mpya wa timu ya mpira wa kikapu ya Celtics. Mtu waliyemkuta hakuwa mgeni kwao. Alikuwa Bill Russell, senta wa timu hiyohiyo, mwenye umri wa miaka 32 na urefu wa mita 2.08, ambaye siku moja kabla alikuwa uwanjani akipoteza mchezo wa kwanza wa fainali mbele ya Los Angeles Lakers. Alikuwa na mataji manane tayari na alikuwa akisaka la tisa. Msimu ukiisha, ilitangazwa, Red Auerbach angekiacha kiti cha ukocha na Russell angekikalia huku akiendelea kucheza.

Mwandishi mmoja akamuuliza kama yeye, kocha wa kwanza Mweusi katika NBA, angeweza kuwafundisha wachezaji wazungu bila upendeleo. Russell akajibu kwamba angeweza, kwa sababu michezoni kinachohesabika ni kumheshimu mtu kwa uwezo wake. Wachezaji weusi walikuwa wameanza kuingia katika ligi hiyo mwaka 1950 na wakafundishwa na wazungu kwa miaka 16. Kwamba swali la upendeleo lilizuka siku ile, na kwa mtu yule, kunaieleza Marekani ya wakati huo kuliko kurasa nyingi za vitabu. Hakuna ligi kubwa ya kulipwa nchini humo iliyokuwa imempa mtu Mweusi timu aiongoze tangu Fritz Pollard, aliyefundisha soka ya Kimarekani katika miaka ya 1920.

Auerbach hakuanza na Russell. Aliwauliza kwanza wachezaji wake wa zamani, Frank Ramsey na Bob Cousy, wakakataa. Tom Heinsohn naye akakataa, akaongeza kwamba mtu pekee anayeweza kumwongoza Russell ni Russell mwenyewe. Ndipo Auerbach akamwendea.

Njia ya Russell ya kufika pale ilikuwa ndefu. Alizaliwa Februari 12, 1934 katika mji wa Monroe, Louisiana, kusini kabisa, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Akiwa mtoto, wazazi wake walihamia Oakland, California. Mama yake, Katie, alifariki Bill akiwa na miaka 12, akalelewa na baba. Katika shule ya sekondari ya McClymonds hakuwa na lolote la kumfanya mtu amtazame mara mbili. Kwenye timu ya vijana, jezi zilikuwa 15 na wachezaji 16, kwa hiyo yeye na mwenzake walipokezana jezi ya mwisho: leo huyu anavaa, kesho yule. Kocha wake, George Powles, ndiye aliyekataa kumwondoa.

Katika Chuo Kikuu cha San Francisco alilala chumba kimoja na K.C. Jones. Vijana wale wawili walizungumza mpira wa kikapu kama wanafunzi wa hesabu wanaojadili pembe na mistari. Mpira ukirushwa kutoka hapa, utagonga chuma wapi, na utaangukia upande gani? Chuo chao kilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na 1956, na Russell alishinda michezo 55 mfululizo. Wakuu wa mchezo huo vyuoni walilipanua eneo lililo chini ya kikapu kutoka mita 1.8 hadi karibu mita 3.7 ili warefu wa aina yake wasiweke kambi pale. Mwishoni mwa 1956 akachukua dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne, kisha akajiunga na Celtics wiki chache baadaye.

Aliyemwona akicheza alijua kwamba ukocha ulikuwa ndani yake hata kabla ya kupewa cheo. Wazuiaji wengi wa mipira hupenda kuupiga mpira kwa nguvu hadi kwa watazamaji, na uwanja mzima ukashangilia. Russell aliugusa taratibu, ukabaki ndani ya uwanja, mara nyingi mikononi mwa mwenzake, na shambulizi la kujibu likaanza hapohapo. Ligi haikuwa ikihesabu mipira iliyozuiwa katika enzi zake, ndiyo maana hakuna rekodi rasmi ya jambo alilolifanya vizuri kuliko yeyote. Kilichohesabiwa ni ribaundi, na alizipata 21,620 katika misimu 13, wastani wa zaidi ya 22 kwa kila mchezo.

Boston yenyewe ilimtendea vipi? Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mji ulifurahia mataji, lakini nyumbani kwake katika kitongoji cha Reading watu walivunja mlango, wakaandika matusi ya kibaguzi ukutani na kujisaidia kitandani. Mwaka 1961, huko Lexington, Kentucky, wenzake weusi wawili waliponyimwa chakula mgahawani mwa hoteli, Russell na wachezaji wengine weusi waligoma kucheza, wakapanda ndege kurudi nyumbani. Mwaka 1963, baada ya mwanaharakati wa haki za weusi Medgar Evers kuuawa, alikwenda Mississippi kuendesha mafunzo ya kikapu kwa watoto weusi na wazungu pamoja, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha. Mwaka 1967 alikuwa Cleveland pamoja na wanamichezo wenzake kumuunga mkono bondia Muhammad Ali, aliyekataa kuingia jeshini.

Afrika nayo ilikuwa moyoni mwake. Alilizuru bara hili mwaka 1959, kisha akawekeza katika shamba la miti ya mpira nchini Liberia. Na binti yake aliyezaliwa mwaka 1962, wakati Kenya haijapata uhuru, alimpa jina la Karen Kenyatta. Msomaji wa Afrika Mashariki asilipite jina hilo haraka. Baba aliyeupinga ubaguzi kwa vitendo vyake huko Boston alilitafuta jina la mwanawe kwa mzee aliyekuwa ametoka kizuizini mwaka uliotangulia.

Msimu wake wa kwanza wa ukocha ulikuwa mgumu. Hakuwa na msaidizi hata mmoja. Alitakiwa kumkaba mpinzani, kudaka ribaundi na kukumbuka nani amechoka, yote kwa wakati mmoja, na kuna nyakati alisahau kabisa kubadilisha wachezaji. Celtics walishinda michezo 60 na kupoteza 21, rekodi nzuri, lakini Philadelphia 76ers ya Wilt Chamberlain iliwatoa kwa michezo minne kwa mmoja na kuikata minyororo ya mataji manane mfululizo. Wengi wakasema mzigo umemzidi.

Msimu wa pili aliwasikiliza zaidi wakongwe wenzake, John Havlicek na Sam Jones miongoni mwao. Aprili 4, 1968, Martin Luther King aliuawa. Kesho yake, Celtics na 76ers walicheza mchezo wa kwanza wa mfululizo wao huku vichwa vya wachezaji vikiwa mbali na uwanja. Boston ikajikuta nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja. Hakuna timu ya NBA iliyokuwa imewahi kutoka kwenye shimo hilo. Vijana wa Russell walishinda mitatu iliyofuata, kisha wakaifunga Lakers katika fainali. Kocha Mweusi alikuwa ametwaa ubingwa.

Msimu wa tatu ndio unaostahili kusimuliwa kwa watoto. Celtics walikuwa wamezeeka, wakamaliza nafasi ya nne mashariki, na Russell mwenyewe alikuwa na miaka 35. Lakers walikuwa na Jerry West, Elgin Baylor, na sasa Chamberlain pia. Fainali ilifika mchezo wa saba, Mei 5, 1969, huko Los Angeles. Mwenye timu ya Lakers, Jack Kent Cooke, alikuwa ameshakata kanzu kabla mwana hajazaliwa: maelfu ya maputo yalifungwa kwenye dari yakisubiri kuachiwa, na karatasi iliyoeleza sherehe itakavyokwenda, pamoja na bendi itakayopiga, ilikuwa imechapishwa. Russell aliisoma, na wachezaji wake wakaisoma.

Celtics wakaongoza. Chamberlain aliumia goti katika robo ya nne akatoka, na alipoomba kurudi kocha wake alikataa. Lakers wakakaribia kabisa. Dakika za mwisho mpira ukamwangukia Don Nelson, akaurusha, ukagonga chuma cha nyuma, ukaruka juu, ukaingia. Boston 108, Los Angeles 106. West, ambaye timu yake ilishindwa, ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Maputo yalibaki darini.

Huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa Russell. Aliondoka akiwa na mataji 11 katika misimu 13, mawili kati yake akiwa kocha.

Kilichofuata hakikung'aa. Aliifundisha Seattle SuperSonics kuanzia 1973 hadi 1977 na kuifikisha mchujo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Sacramento Kings, msimu wa 1987-88, alishinda michezo 17 tu kabla ya kuondolewa benchi. Wapo wanaozitumia takwimu hizi kusema hakuwa kocha, bali mchezaji mkubwa aliyejisimamia. Hukumu hiyo si ya haki. Kule Boston aliwaongoza watu walioijua akili yake kwa miaka. Pengine alitarajia vijana wa Seattle na Sacramento waione pembe ya mpira kama alivyoiona yeye na K.C. Jones chumbani mwao, na hilo halifundishiki kwa msimu mmoja. Hata hivyo, Dennis Johnson, kijana ambaye Seattle ilimchagua mwaka 1976 chini yake, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali timu hiyo ilipotwaa ubingwa mwaka 1979. Kocha siku hiyo alikuwa Lenny Wilkens, Mweusi mwingine.

Waliomfuata walikuja haraka. Fainali ya 1975 ilikuwa na makocha wawili weusi: Al Attles wa Golden State, na upande wa pili K.C. Jones yuleyule, aliyekuja baadaye kuipa Celtics mataji ya 1984 na 1986.

Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu ulimpokea Russell kama mchezaji mwaka 1975. Kama kocha, ulimpokea Septemba 2021, akiwa na miaka 87. Alifariki Julai 31, 2022. Mwezi uliofuata NBA iliistaafisha namba yake, 6, katika timu zote 30. Waliokuwa wakiivaa wakati huo waliruhusiwa kuendelea nayo, lakini hakuna mchezaji mpya atakayepewa.