Midomo Iliyoambiwa Haiwezi Kiingereza

Mwezi Oktoba 1825, gazeti la Times la London lilimwandika kijana mweusi kutoka Marekani aliyekuwa akiigiza kwenye ukumbi wa Royal Coburg, upande wa kusini wa mto Thames. Mhakiki alisema kwamba kwa jinsi midomo ya kijana huyo ilivyoumbwa, kamwe hawezi kutamka Kiingereza cha kuwaridhisha hata watazamaji wa viti vya bei rahisi kule juu. Kijana alikuwa na miaka 18 na jina lake lilikuwa Ira Aldridge. Alikaa jukwaani miaka mingine 42 hadi kifo kilipomkuta safarini, na kwa miaka 15 ya mwisho alisema Kiingereza kilekile mbele ya Wajerumani, Wahungaria, Warusi na Wapolandi, ambao wengi wao hawakukielewa, wakalia na kumshangilia.

Alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807, mtoto wa mhubiri mmoja aitwaye Daniel. Utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo hilo na haukufutwa kabisa hadi 1827. Alisoma katika Shule Huru ya Waafrika, iliyoanzishwa na chama cha kupinga utumwa, lakini shule yake ya pili ndiyo iliyomtengeneza. Mwaka 1821 William Brown, mtu wa visiwa vya Karibi aliyewahi kuwa mhudumu wa meli, alianzisha kikundi cha tamthilia cha watu weusi kwa ajili ya watu weusi. Walicheza Richard III, nyota wao akiwa James Hewlett. Brown hakuwa mtu wa kujificha: alifikia kukodi ukumbi jirani na Park Theatre, jumba kubwa la wazungu wa mji. Mwezi Januari 1822 polisi wakavamia, wakawakamata waigizaji na kuwaachia baada ya kuahidi kwamba hawatamgusa Shakespeare tena. Wakarudi wakaendelea. Mwaka 1823 Brown aliweka jukwaani tamthilia aliyoiandika mwenyewe kuhusu uasi wa watu weusi wa kisiwa cha St Vincent.

Aldridge aliingia katika kikundi hicho akiwa bado mtoto wa shule. Ndiyo maana sipendi anapoelezwa kama kipaji kilichodondoka kutoka mbinguni. Alifundwa na watu waliokuwa wakilala rumande kwa sababu ya Shakespeare.

Kikundi kilipozidiwa na fujo, naye alipoona hakuna jukwaa litakalompokea, mwaka 1824 alipanda meli kwenda Liverpool akiwa mhudumu. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anacheza Othello katika ukumbi mdogo wa mashariki mwa London. Hapo Coburg alicheza Oroonoko, mwana wa mfalme wa Afrika aliyeuzwa utumwani. Mwishoni mwa mwaka huohuo akamwoa Margaret Gill, Mwingereza. Kwenye mabango walimwita Roscius wa Afrika, kwa jina la mwigizaji mashuhuri wa Roma ya kale, na baadaye ikatungwa hadithi kwamba yeye ni wa ukoo wa kifalme kutoka Senegal. Uongo huo ulimuuzia tiketi nyingi na sioni sababu ya kumlaumu. Mwigizaji asiyejua kujitangaza hufa njaa, New York hata Goma.

Mwaka 1828, akiwa na miaka 20, watu wa Coventry walimkabidhi uendeshaji wa jumba lao la maonyesho kwa msimu mmoja. Kuchagua tamthilia, kukusanya waigizaji, kuongoza mazoezi na kulipa mishahara, yote yalikuwa juu yake. Anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuendesha jumba la maonyesho Uingereza. Alizoea pia kusogea mbele ya jukwaa mchezo ukiisha na kuzungumzia utumwa, na wakazi wa Coventry walipeleka bungeni ombi la kutaka ufutwe.

Kisha ukaja mwaka 1833. Edmund Kean, Othello mkubwa kuliko wote wa zama zake, alianguka katikati ya mchezo jukwaani Covent Garden tarehe 25 Machi, na kabla ya Mei kwisha alikuwa ameshakufa. Meneja wa jumba, Mfaransa Pierre Laporte, akamwita Aldridge kujaza pengo. Tarehe 10 Aprili, wakati mjadala wa kufuta utumwa katika makoloni ukipamba moto, mtu mweusi akasimama kama Othello kwenye moja ya majukwaa mawili makubwa ya taifa hilo, na Ellen Tree akiwa Desdemona, mke wa Othello. Watazamaji walishangilia. Magazeti yalimshambulia. Jarida la Athenaeum lililalamika, kwa jina la adabu, kwamba bibi mwenye heshima zake hapaswi kushikwashikwa na mtu wa aina hiyo. Alicheza tarehe 10, akacheza tarehe 12, basi. Mji ulikuwa na homa ya mafua na kumbi zilikuwa zimepwaya, sababu iliyofaa kwa yeyote aliyetafuta sababu. Sheria ya kufuta utumwa ilipita mwezi Agosti mwaka huohuo.

Juu ya siku hizo mbili Lolita Chakrabarti aliandika tamthilia ya Red Velvet, iliyochezwa London mwaka 2012, Adrian Lester akiwa Aldridge. Aliyeiongoza, Indhu Rubasingham, ndiye aliyeiongoza pia Ruined mjini humo mwaka 2010, tamthilia ya Mmarekani mweusi Lynn Nottage kuhusu baa ya mji wa machimbo huku kwetu mashariki mwa Congo. Nottage aliijenga juu ya simulizi za wanawake Wakongomani alioonana nao ukimbizini Uganda, na ikampa tuzo ya Pulitzer mwaka 2009.

London ilipomfungia mlango, Aldridge alishika barabara kwa karibu miaka 20: miji midogo ya Uingereza, Scotland, Ireland, usiku huu hapa, kesho kule. Kwa mwigizaji mweusi tamthilia zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo akapanua orodha mwenyewe. Aliigiza Shylock, Macbeth, Richard III na Mfalme Lear kwa kujipaka rangi nyeupe. Usiku mmoja aliweza kuwa Othello, kisha baada ya mapumziko akarudi kama Mungo, mtumishi mlevi wa tamthilia ya vichekesho The Padlock, ili watu waone kwamba kilio na kicheko vyote anavimiliki. Kazi yake ya kijasiri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Titus Andronicus. Katika maandishi ya Shakespeare Aaron Mmoor, mhusika mweusi, ni shetani mtupu. Aldridge, akisaidiwa na mwandishi mmoja, aliisuka upya tamthilia hadi Aaron akawa shujaa.

Mwezi Julai 1852 alivuka bahari kwenda bara la Ulaya, na mji wa kwanza ulikuwa Brussels. Mwana wa mfalme wa Ubelgiji wakati huo alikuwa kijana wa miaka 17 aitwaye Leopold, ambaye miaka 33 baadaye angeitangaza Congo nzima kuwa mali yake. Kutoka hapo Aldridge alikwenda Ujerumani, Austria na Hungaria. Mfalme wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu ya sanaa, na mtawala wa Saxe-Meiningen akamtunuku cheo cha heshima.

Utaratibu wa kazi ulikuwa huu: yeye anasema Kiingereza, na kikundi cha mji husika kinamjibu kwa Kijerumani, Kihungaria au Kirusi. Hapa Goma hilo halitushangazi sana. Mhusika wa tamthilia zetu huanza sentensi kwa Kifaransa cha ofisini na kuimaliza kwa Kiswahili cha mtaa wa Birere, na anayepata kicheko ni yule anayejua wapi pa kuvukia. Ila sisi watazamaji huwa tunazijua lugha zote mbili. Aldridge ilimbidi aijue tamthilia nzima kwa sikio, atambue zamu yake kwa mlio wa mwisho wa sentensi asiyoielewa, na afanye mazoezi upya katika kila mji na Desdemona mwingine.

Novemba 1858 alifika St Petersburg. Mwandishi Mfaransa Théophile Gautier alikuwepo, akamwona katika Othello, kisha katika Mfalme Lear. Ameacha maelezo ya jinsi Aldridge alivyojigeuza Lear: kofia ya rangi ya ngozi ya kizungu iliyoshuka hadi karibu na nyusi, nywele za fedha zikining'inia, nta ya kuinua pua, rangi nzito mashavuni, na ndevu nyeupe zilizofunika sehemu iliyobaki.

Mjini humo alikutana na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine. Shevchenko alizaliwa mtumwa wa shamba, akanunuliwa uhuru wake mwaka 1838 kwa rubo 2,500, na alikuwa ametoka tu kwenye uhamisho wa miaka kumi. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Binti mdogo wa familia ya kikabaila ya Tolstoy, Katya, aliwatafsiria. Kwa kumbukumbu za Katya, Shevchenko alipokuwa akimchora, mgeni hakutulia kitini: alicheka, akaimba, na mchoraji naye akaimba za kwao. Picha hiyo ya Desemba 1858 ipo hadi leo.

London alirudi akiwa mtu mzima mwenye jina. Mwaka 1863 alipata uraia wa Uingereza, na 1865 alicheza Othello katika ukumbi wa Haymarket na Madge Robertson, binti aliyekuwa bado hajatimiza miaka 18. Katika uzee wake Madge alisimulia kwamba Aldridge alikuwa akifungua kiganja na kumfanya auweke mkono wake humo, ili ukumbi mzima uzione rangi mbili kwa pamoja. Kile Athenaeum ilichokiona aibu mwaka 1833, yeye alikuwa amekifanya kuwa kilele cha onyesho.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha na utumwa kufutwa, alianza mazungumzo ya kwenda kucheza kwao, ambako hakuwahi kurudi tangu 1824. Alifariki Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti 1867, akiwa ziarani, na kuzikwa katika makaburi ya Waprotestanti mjini humo.

Binti yake Amanda, aliyezaliwa 1866 na mke wa pili, Amanda von Brandt wa Sweden, aliishi hadi 1956. Alikuwa mwimbaji, mtunzi, na mwalimu wa sauti na matamshi London. Mwaka 1930 mwigizaji Mmarekani mweusi Paul Robeson alipojiandaa kucheza Othello huko, alikwenda kujifunza kwake, na Amanda akampa hereni ambazo baba yake alizivaa katika nafasi hiyohiyo. Miaka michache baadaye Robeson alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika mjini humo, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha alizosoma. Mwaka 1935 alionekana katika filamu Sanders of the River, ambamo mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta, alipewa nafasi ndogo ya chifu. Filamu ilipotoka imejaa sifa za ukoloni, Robeson aliikana.