Ukuta wa Nani? Picha Inapoificha Nyumba

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu alituletea picha kwenye simu. Tuliigeuza huku na huku, hakuna aliyeitambua. Mistari myeusi imelala mshazari juu ya rangi ya udongo, basi. Mmoja akasema ni pundamilia, mwingine akasema ni mkeka. Kumbe ni ukuta wa kwao saa kumi jioni, na ile mistari ni kivuli cha fito za jiko. Wenzake wakacheka: "Sasa hii ni picha gani, haina mtu wala mlango?"

Swali lao lina zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1916 Mmarekani mmoja, Paul Strand, akiwa na miaka 25, alikuwa Twin Lakes, jimbo la Connecticut. Kule New York, kwenye ukumbi mdogo wa Alfred Stieglitz ulioitwa 291, alikuwa ameona kazi za Picasso na Braque, wachoraji waliovunja vitu vya kawaida kama chupa na gitaa vikabaki maumbo tu. Akataka kujua kama kamera nayo inaweza. Hakwenda kutafuta jengo kubwa. Alitumia baraza la nyumba, meza ya duara na jua. Meza akaiinamisha, akasogea karibu, kivuli cha ukingo wa baraza kikaanguka kama fito zilizopangwa.

Hapo ndipo picha inapokuwa dhahania, yaani inabaki na umbo na kuacha jina la kitu. Strand hakuongeza chochote, alipunguza. Aliondoa anga na ardhi, ukapotea wima na ulalo. Aliondoa mlango na mtu, ukapotea ukubwa: hujui kama unaangalia futi mbili au ishirini. Halafu akakiacha kivuli kiwe na nguvu sawa na mbao yenyewe. Baraza ni lile lile, ila jicho limenyang'anywa vile vitu vinavyolisaidia kusema "hii ni nyumba."

Lakini mwaka mmoja kabla, 1915, alikuwa amepiga picha nyingine, ya Wall Street, New York. Pale jengo la benki ya J.P. Morgan linatambulika vizuri, na madirisha yake makubwa meusi kama mashimo. Waliopungua ni watu. Wanapita chini, wadogo, na vivuli virefu, karibu wawe matone ya wino. Strand alifanya hivyo kwa makusudi. Ukiitazama unauona uzito wa pesa juu ya kichwa cha mpita njia.

Hapo jambo hili linatugusa sisi. Wote tumeziona picha za kambi zilizopigwa kutoka juu: mapaa yamepangwa mistari, mazuri kama kitambaa. Njia ni ile ile, ondoa anga, ondoa mlango, ondoa mtu. Anayeitazama akiwa mbali anasema "ni wengi kweli!" Haulizi nani anapika chini ya paa lile. Picha ya namna hiyo si uongo. Ila ikiwa ndiyo peke yake inayotutangulia, sisi wenyewe tumegeuzwa maumbo.

Strand hakuishia kwenye maumbo. Mwalimu wake wa shule, Lewis Hine, alikuwa amewapiga picha wahamiaji wakishuka Ellis Island, sura kwa sura. Miaka ya 1963 na 1964 Strand alikuwa Ghana akipiga picha za wananchi, na kitabu chake kilitoka mwaka 1976. Jicho lililojifunza kwenye kivuli cha baraza lilirudi kwa watu.

Na ile picha ya 1916 leo inajulikana kwa jina linalotaja udhahania, kivuli cha baraza, na mahali penyewe, Twin Lakes. Picha ilificha nyumba, jina likairudisha.

Basi nilimwambia yule kijana asiibadilishe picha yake hata kidogo, aandike tu maneno chini yake. Akaandika: "Ukuta wa mama, upande wa jikoni, saa kumi jioni." Wenzake waliiangalia tena, safari hii bila kucheka. Mmoja akauliza kama jioni ile mama alikuwa anapika nini.